Kupima uvimbe wa metali kwa mionzi ya ayoni: mwongozo kamili kuanzia hesabu mpaka maikroskopu

Wadau, mwaka 1967 Cawthorne na Fulton walichapisha walichokiona kwenye maganda ya fueli ya chuma cha pua yaliyotoka kwenye kinu cha nyuklia cha Dounreay kule Uskoti, ndani ya chuma kumejaa vitundu vidogo vidogo, vitupu. Chuma hakijapasuka wala hakijayeyuka ila kimevimba, kama andazi tu, unga ni uleule na uzito uleule ila limekua kwa sababu ndani kuna uwazi. Sasa fikiria hicho chuma kimebanwa kwenye kinu pamoja na wenzake mamia na kila kimoja kinakua kwa kiasi chake, huku kimoja kimepinda kule kingine kimekwama, hapo ndo utaelewa kwa nini watu wanahangaika na hili jambo mpaka leo.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kupima huo uvimbe kwa kutumia ayoni, yani atomi zenye chaji zinazorushwa na mashine, badala ya kinu, na nitaurudia mara nyingi huu msimamo wangu: namba ya uvimbe haina maana kama hujui imetoka kina gani. Makosa mengi niliyoyaona, yangu na ya wengine, ukiyafuatilia yanaishia hapohapo.

Kwanza elewa kinachotokea ndani

Nyutroni au ayoni ikiingia kwenye metali inagonga atomi, atomi inaruka kutoka mahali pake inagonga nyingine, hiyo nayo inagonga nyingine, kama gololi zilizopangwa ukazipiga moja kwa nguvu. Kila atomi iliyoruka inaacha pengo nyuma, na yenyewe inaenda kujibana katikati ya atomi nyingine. Mengi ya hayo mapengo na atomi zilizojibana yanarudiana palepale, yanafutana. Yanayobaki yanatembea. Sasa hapa ndo siri ilipo: atomi zilizojibana zinavutwa na dislokesheni, yani ile mistari ya hitilafu kwenye mpangilio wa atomi, kwa nguvu kidogo zaidi kuliko mapengo yanavyovutwa. Tofauti ni ndogo sana ila inajumlika, kwa hiyo mapengo yanabaki ya ziada, yanakutana, yanakuwa kitundu. Heliamu kidogo ikiwepo inakaa ndani ya kitundu kichanga na kukizuia kisijifunge.

Ndo maana joto linaamua kila kitu. Kukiwa na baridi mapengo hayatembei, kukiwa na moto sana kitundu kinayeyuka mapengo yake yanarudi kwenye metali. Uvimbe unakaa katikati, takribani 0.3 mpaka 0.55 ya joto la kuyeyukia ukihesabu kwa kelvini.

Kwa nini ayoni? Muda. Kwenye kinu cha nyutroni za kasi unapata kama sehemu moja ya milioni ya dpa kwa sekunde, yani 10⁻⁶, na dpa ni wastani wa mara ambazo kila atomi imeng'olewa mahali pake. Kufika dpa 100 ni miaka mitatu na zaidi. Kwa ayoni unapata 10⁻³ kwa sekunde, siku moja umemaliza. Alafu ayoni za chuma za MeV 5 (eV ni kipimo cha nishati, MeV ni milioni yake) kwenye chuma hazifanyi sampuli iwe na mionzi, unaishika kwa mkono, unaipeleka maikroskopu ya kawaida bila kuta za risasi.

Hatua ya 1: hesabu kabla hujagusa chochote

Hii hatua unaweza kuifanya ukiwa Dar, Nairobi au Bujumbura na laptop tu, maana programu ya SRIM ya James Ziegler ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows ya kawaida. Unaingiza ayoni (chuma), nishati (MeV 5), shabaha (chuma), inakuchorea uharibifu kwa kila kina.

Ila mipangilio yake uishike vizuri. Nishati ya kung'oa atomi ya chuma iwe eV 40, usiache 25 inayokuja na programu. Nishati ya kushikilia atomi kwenye mpangilio iweke sifuri. Na chagua modi ya haraka ya Kinchin-Pease, usichague ile ya kaskedi kamili, inayofuatilia kila mgongano mmoja mmoja. Mwaka 2013 Stoller na wenzake walieleza hili vizuri, kwamba ukisoma mapengo moja kwa moja kutoka modi ya kaskedi kamili unapata karibu mara mbili ya kiwango cha NRT, ambacho ndo kipimo kilichokubalika tangu 1975. Kuna mdogo wangu mmoja alinitumia jedwali lake lina dpa 200, nikamuuliza umetumia modi gani, kumbe ni kaskedi kamili, kwa hiyo alikuwa na kama 100 tu na kulinganisha kwake kote na data za kinu kulikuwa kumepinda. Miezi kadhaa ya kazi, kijana wa watu. Kwa hiyo andika modi uliyotumia kwenye kila jedwali, hata kama ni la kwako mwenyewe.

Endesha ayoni 10,000 au zaidi ili mchoro utulie, fungua faili la mapengo, jumlisha safu mbili, ya mapengo yaliyofanywa na ayoni zenyewe na ya yaliyofanywa na atomi zilizogongwa. Watu wanasahau hiyo ya pili na ndo kubwa.

Sasa twende na mfano. Tuseme kwenye kina cha nanomita 600 umepata mapengo 0.6 kwa kila ayoni kwa kila angstromu. Zidisha kwa 10⁸ upate kwa sentimita, gawanya kwa atomi za chuma kwenye sentimita moja ya ujazo ambazo ni 8.48 × 10²², unapata 7.1 × 10⁻¹⁶ dpa kwa kila ayoni kwa sentimita ya mraba. Kwa dpa 100 unahitaji ayoni 1.4 × 10¹⁷ kwa kila sentimita ya mraba.

Mkondo je? Una nanoampea 200 za Fe²⁺ kwenye eneo la milimita 6 kwa 6. Hapa tulia. Kila ayoni imebeba chaji mbili, kwa hiyo unagawanya kwa mbili kwanza, unapata ayoni 6.2 × 10¹¹ kwa sekunde, kwa eneo la 0.36 inakuwa 1.7 × 10¹² kwa sentimita ya mraba. Zidisha na ile namba ya juu: 1.2 × 10⁻³ dpa kwa sekunde. Dpa 100 ni kama saa 23. Usipogawanya kwa mbili utasimamisha mashine baada ya saa 11 na nusu ukidhani umemaliza.

Hatua ya 2: chagua dirisha la kina

Hii ndo hatua ninayoomba usiiruke, ifanye kabla ya jaribio, iandike, usije ukachagua dirisha baada ya kuona picha.

Ayoni ya chuma ya MeV 5 inasimama kwenye kina cha kama maikromita 1 na nusu. Ukiangalia mchoro wa uharibifu utaona unapanda taratibu, unafika kilele baada ya maikromita 1 hivi, alafu unashuka ghafla. Mtu mgeni anakimbilia kileleni kwa sababu dozi ni kubwa. Usiende huko! Karibu na kilele ndo ayoni zenyewe zinaposimama, na kila ayoni iliyosimama ni atomi ya ziada isiyo na pengo lake, inaenda kufuta pengo la mwingine. Vitundu pale vinashindwa kuzaliwa, kwa hiyo unasoma uvimbe mdogo kwenye dozi kubwa na unatangaza kwamba chuma chako ni imara.

Upande wa juu nao una shida yake, uso wa sampuli unameza mapengo na atomi zilizojibana, kwa hiyo nanomita mia moja mbili za kwanza hazina vitundu au vina sura tofauti. Kinachobaki ni katikati. Kwa ayoni za chuma za MeV 5 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wametumia nanomita 500 mpaka 700, na mimi nakushauri uanze hapo. Ukibadilisha nishati au metali, chora upya, tafuta mwenyewe pale ambapo mstari wa ayoni zilizosimama bado uko chini kabisa.

Hatua ya 3: andaa sampuli

Kata vipande vidogo kama vijiti, milimita 1.5 kwa 1.5 kwa urefu wa 20 vinatosha na vinapangika vizuri kwenye kishikio. Sugua kwa msasa wa silikoni kabaidi kutoka mkubwa hadi 4000, malizia na almasi. Kisha ng'arisha kwa umeme, na hii si ya urembo, kusugua kunaacha tabaka la chuma kilichoteseka lililojaa dislokesheni na umeshaona hapo juu dislokesheni zinafanya nini kwenye uvimbe. Tabaka hilo lazima liondoke.

Kimiminika kinachotumika sana ni asidi ya pakloriki asilimia 10 kwenye methanoli, kwenye baridi ya kama nyuzi −40. Hapa sina utani kabisa: asidi ya pakloriki pamoja na vitu vyenye kaboni inaweza kulipuka ikipata joto au ikikauka. Mimina asidi taratibu kwenye methanoli iliyokwishapoa, kamwe usifanye kinyume chake, fanyia kwenye kabati la hewa lililotengwa kwa asidi hiyo tu, usiifute kwa karatasi au kitambaa ukaacha kwenye ndoo ya taka, na usifanye peke yako usiku. Kama maabara yako haina kabati hilo, peleka sampuli kwa wenye nalo.

Funika sehemu ndogo ya kila kijiti isipigwe. Utaihitaji mara mbili mbele: kama sehemu ya kulinganishia iliyopata joto lilelile bila mionzi, na kupima ngazi, yani urefu ambao sehemu iliyopigwa imeinuka.

Hatua ya 4: mwale, joto, vakyumu

Mwale utawanywe, usichezeshwe. Mashine nyingi zinapenda kuzungusha mwale mwembamba juu ya sampuli haraka haraka ili eneo lipate sawasawa, na kwa kazi nyingine ni sawa kabisa. Kwa vitundu inaharibu, kwa sababu kila nukta inapigwa kwa kishindo alafu inapumzika, na katika kupumzika vitundu vichanga vinajifunga. Unapata uvimbe mdogo kuliko ulivyopaswa. Kwa hiyo mwombe mwendeshaji aufungue mwale ufunike eneo lote kwa pamoja, alafu utumie sehemu ya katikati iliyo sawasawa.

Mkondo upime kwa kikombe cha Faraday (chombo kinachonasa mwale na kupima chaji yake) chenye kizuizi cha elektroni, uingize kila baada ya muda na uandike. Usiamini mkondo unaosomwa kwenye kishikio cha sampuli, ayoni ikigonga metali inatoa elektroni, na elektroni hasi ikiondoka mita inaisoma kama chaji chanya imeingia.

Joto: mwale wenyewe unapasha. Ule wa nanoampea 200 za Fe²⁺ wenye MeV 5 ni nusu wati, ndogo ukiisikia hivyo ila iko kwenye eneo la ukucha. Chomelea thamokapo (nyaya za kupimia joto) juu ya uso wa vijiti nje ya eneo la mwale, pasha kwanza bila mwale, rekebisha kamera ya joto ya infraredi kwa hizo thamokapo, kisha wakati wa mwale fuata kamera. Nyuma ya vijiti weka foili nyembamba ya shaba ili joto lipite vizuri kwenda kwenye kishikio.

Nyuzi ngapi? Kwa kuwa ayoni zinaharibu haraka mara elfu, mapengo hayapati muda uleule wa kutembea, inabidi uongeze joto kidogo kufidia. Mfano mzuri ni chuma cha HT9, aina moja ya chuma cha vinu: kipande kilichokaa kwenye kinu cha FFTF kule Hanford, Marekani, kilipata dpa 155 kwenye wastani wa nyuzi 443 za Selsiasi, na kundi la Gary Was pale Michigan mwaka 2014 walikaribia sana sura ya ndani ya kile kipande kwa ayoni za chuma, dpa 188 kwenye nyuzi 460, wakiwa wametanguliza heliamu kidogo sana. Ukiwa na joto moja tu unabahatisha, panga angalau matatu yanayopishana nyuzi 20 hivi.

Vakyumu iwe chini ya 10⁻⁷ torr kabla ya kupasha. Na hapa kuna adui ambaye watu walichelewa kumtambua: kaboni. Mwale unakokota kaboni kutoka kwenye mabaki ya hewa na mafuta ndani ya mabomba, inaingia kwenye chuma, na kaboni inabadilisha kabisa uzaliwaji wa vitundu. Kundi la Chuo Kikuu cha Texas A&M lilionyesha kwamba ukiukunja mwale kwa sumaku zaidi ya mara moja kabla haujafika kwenye sampuli unachuja uchafu, na ukiweka mtego wa naitrojeni ya kimiminika karibu na sampuli kaboni inaganda huko. Nilishawahi kupewa vijiti kutoka maabara moja, vya aina moja na dozi moja, kimoja kimevimba kingine kama hakikupigwa, tulihangaika wiki nzima na hesabu kumbe mtego ulikuwa umekauka usiku na hakuna aliyeandika. Kwa hiyo andika saa ya kujaza naitrojeni kama unavyoandika mkondo.

Kuhusu heliamu sitasema mengi. Unaweza kuitanguliza, au kuipiga pamoja na chuma kama wanavyofanya kwenye kituo cha JANNuS pale Saclay, Ufaransa, ambako wana uwezo wa miale mitatu kwa mpigo. Kutanguliza ni rahisi, kupiga pamoja kunafanana zaidi na kinu. Chagua, sema ulichochagua.

Hatua ya 5: pima ngazi kabla ya kukata

Hii ni ya dakika chache na watu wanaiacha. Tabaka lililopigwa haliwezi kutanuka pembeni kwa sababu limeshikwa na chuma kizima chini yake, kwa hiyo uvimbe wote unaelekea juu. Pitisha sindano ya profilomita (chombo cha kupima kupanda na kushuka kwa uso) kutoka sehemu iliyofunikwa kwenda iliyopigwa. Tabaka la nanomita 1,500 likivimba asilimia 2 ngazi ni nanomita 30. Mwale pia unakwangua uso kidogo kwa hiyo ngazi itapungua, na namba hii inachanganya kina chote, ila ukija kupata asilimia 8 kwenye maikroskopu na ngazi ikasema 1, ujue kuna kitu hakiko sawa.

Hatua ya 6: kata na uangalie

Kwa mashine ya FIB, inayokata kwa mwale mwembamba wa ayoni za galiamu, toa kipande cha wima kutoka usoni kushuka maikromita 2 au zaidi, ili kina chote kionekane kwenye picha moja. Weka platinamu juu kwanza, bila hiyo utapoteza uso na bila uso huna sifuri ya kupimia kina. Malizia kwa galiamu ya nguvu ndogo, kilovolti 5 kushuka 2, maana galiamu ya kilovolti 30 inaacha madoadoa meusi yake yenyewe.

Kwenye TEM, yani maikroskopu ambayo elektroni zinapita ndani ya kipande, kitundu kinajulikana kwa kucheza na fokasi. Shusha fokasi kama maikromita 1 chini: kitundu kinakuwa cheupe na ukingo mweusi. Pandisha juu ya fokasi kiasi hichohicho: kinageuka, cheusi na ukingo mweupe. Ukiwa kwenye fokasi kamili kinakaribia kupotea machoni. Kisichogeuka sio kitundu. Ukikiangalia kwa karibu kitundu kikubwa utaona mara nyingi si duara, kina nyuso bapa kama jiwe lililochongwa, kwa sababu kinafuata mpangilio wa atomi za metali yenyewe. Piga picha zote mbili kila mahali, chini na juu, na uzihifadhi kwa jozi.

Unene wa kipande upime kwa EELS (kipimo cha nishati ambayo elektroni zinapoteza zikipita kwenye kipande), usikadirie. Angalia inavyouma: dirisha la nanomita 200 kwa upana wa 500, unene 100, ndani kuna vitundu 60 vya nanomita 20. Kitundu kimoja kina ujazo wa 4,189, vyote ni 251,000 na kitu. Gawanya kwa ujazo wote ukishatoa vitundu, unapata asilimia 2.6. Unene ukiwa kweli ni 80, vitundu vilevile vinakupa 3.2.

Na kipenyo kiingie kwa kila kitundu peke yake, usichukue wastani ukaupandisha kipeo cha tatu. Kitundu cha 10 na cha 30 wastani wake ni 20, ukizidisha unapata 16,000, wakati ukweli ni 1,000 jumlisha 27,000, yani 28,000. Karibu nusu ya uvimbe imepotea kwenye Excel.

Hesabu vilivyo ndani ya dirisha lako la hatua ya 2 tu. Vya nje vipime pia kama una nguvu, uchore uvimbe kwa kila nanomita 100, utaona kwa macho yako unavyoanguka pale ayoni zinaposimama, ila usivichanganye kwenye namba moja.

Hatua ya 7: dozi zaidi ya moja

Uvimbe una kipindi cha kusubiri, unapiga dpa makumi hakuna kitu, alafu unaanza kupanda kwa mwendo wake. Vyuma vya pua vya osteniti vikishaanza huelekea kama asilimia 1 kwa kila dpa, vile vya aina ya HT9 huwa polepole zaidi, kama 0.2. Dozi moja haikuambii uko kabla ya mlima au katikati yake, na chuma kinachoonekana imara kwenye dpa 100 kinaweza kuwa kinasubiri tu. Nne ni nzuri: 50, 100, 200, 300. Toa vipande viwili vya FIB kutoka sehemu tofauti za kijiti kimoja, na vikipishana sana rudi ukaangalie kwanza ulinganifu wa mwale kabla hujaanza kulaumu chuma.

Mstari wako wa jedwali uwe hivi, bila kuacha safu hata moja: chuma na jinsi kilivyopikwa, ayoni na nishati, mwale wa kutawanywa, joto na kupanda kushuka kwake, dpa pale dirishani, dpa kwa sekunde, modi ya SRIM na eV uliyotumia, heliamu, mtego ulikuwepo au haukuwepo, dirisha kutoka nanomita ngapi mpaka ngapi, unene, idadi ya vitundu, kipenyo cha wastani, na uvimbe uuweke safu ya mwisho.